Sekunde moja inayosumbua mashini: kwa nini dunia inataka kuacha kurekebisha saa

Weka simu mbili mezani, moja ya rezo hii na nyingine ya rezo ile, halafu ungojee dakika ibadilike. Mara nyingi hazibadiliki pamoja. Moja inatangulia, nyingine inafuata kitambo kidogo baadaye. Kwa mwenye simu hilo si kitu. Mkutano wa saa tatu utaanza saa nne, sisi wote tunajuana. Lakini kwa mashini zinazopokea ujumbe wako unapotuma feza, zinazopanga abiria wa ndege au zinazokuongoza hadi kwenye ukurasa huu unaosoma, tofauti ya sekunde moja imekwisha kusimamisha kazi katika mabara kadhaa, na si mara moja tu.

Ndiyo maana tarehe 18 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2022, wajumbe wa inchi zinazosimamia vipimo vya dunia (mita, kilo, sekunde) walikutana Versailles, Ufaransa, wakaamua kwamba desturi ya kuongeza sekunde moja kwenye saa za dunia nzima iachwe, ifikapo mwaka wa 2035 au mbele yake. Waliomba pia pendekezo la kipimo kipya liletwe kwenye mkutano wao unaofuata, ule wa mwaka wa 2026. Uamuzi huo ulipita bila kelele katika magazeti yetu. Tulikuwa na vita, tulikuwa na bei za soko, na nani angeandika juu ya sekunde? Hata hivyo unatugusa. Na kadiri ninavyouchunguza, naona uamuzi wenyewe ni mzuri, lakini hatari iko katika miaka hii ya kungojea.

Sekunde inatoka wapi

Zamani sekunde ilikuwa kipande cha siku. Ugawe siku kwa masaa 24, kila saa kwa dakika 60, kila dakika kwa sekunde 60, unapata kipande kimoja kati ya 86,400. Dunia yenyewe ndiyo ilikuwa saa. Shida ni kwamba dunia si saa nzuri. Mwezi unavuta maji ya bahari, na msuguano wa maji hayo unapunguza mwendo wa dunia pole pole. Kiini chake cha chuma kinazunguka kwa namna yake. Barafu ikiyeyuka kwenye ncha za dunia, uzito unahama na mwendo unabadilika.

Mwaka wa 1967 wataalamu waliachana na dunia kama kipimo, wakafunga sekunde kwenye atomu ya seziamu: mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wake ndiyo sekunde moja. Saa ya atomu haichoki na haijali mwezi. Basi toka hapo dunia ikawa na saa mbili, moja ya maabara isiyobadilika, nyingine ya mbinguni inayochelewa kidogo kidogo. Tangu mwaka wa 1972 walikubaliana kuzifunga pamoja. Tofauti isipite sehemu tisa za kumi za sekunde. Ikikaribia hapo, saa za atomu zinasimama na kungojea dunia kwa sekunde moja. Anayetangaza ni biro ndogo ya kimataifa iliyo katika jumba la kuchunguza nyota la Paris, inayojulikana kwa herufi IERS. Mara mbili kwa mwaka inatoa karatasi moja fupi kusema sekunde itaongezwa ao hapana.

Kufikia leo sekunde 27 zimeongezwa, zote mwishoni mwa mwezi wa sita ao mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2016. Tukio linafanyika kwa wakati uleule dunia nzima, saa sita kamili za usiku kwa saa ya kimataifa. Hapo Kinshasa ni saa saba za usiku, na kwetu Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi ni saa nane. Tumelala. Tokyo ni saa tatu za asubuhi na masoko yamefunguliwa. Sydney, katika mwezi wa sita, ni saa nne.

Kompyuta haina mahali pa kuiandika

Mwaka wa 1972 mpango huo haukumsumbua mtu. Kompyuta zilikuwa chache, na hazikuwa zikizungumza zenyewe kwa zenyewe usiku kucha. Leo karibu kila seva duniani, na simu nyingi pia, zinahesabu wakati kwa namna moja ambayo ilitungwa na watu wa mfumo wa Unix: ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka wa 1970. Hesabu hiyo ina sheria moja ngumu, kwamba kila siku ina sekunde 86,400, haipunguki, haizidi.

Sasa siku ikipewa sekunde ya 86,401, inaandikwa wapi? Fikiria mwalimu mwenye daftari la mistari 40, na mtoto wa 41 anaingia mlangoni. Mistari imekwisha. Watunzi wa kompyuta walichagua jambo ambalo mwalimu aliyechoka angelifanya: mtoto wa mwisho anapewa namba 40 kama mwenzake. Katika mashini nyingi sekunde ya mwisho ya siku inaitwa mara mbili. Saa inafika mwisho, inarudi nyuma sekunde moja, inapita tena palepale.

Kwa mtu, kurudi nyuma sekunde moja ni kupepesa jicho. Kwa programu ni jambo lisilowezekana kutokea. Aliyeiandika alikuwa na hakika kwamba tukio la pili linakuja nyuma ya tukio la kwanza, na hakuandika neno lolote la kumwambia mashini ifanye nini kama mambo yamegeuka. Na kwa kuwa sekunde hii inakuja mara moja katika mwaka ao katika miaka mitatu, kosa linaweza kulala ndani ya programu muda mrefu, limejaribiwa na kila kitu isipokuwa kile kitakacholiamsha.

Usiku wa sikukuu ya Uhuru, 2012

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka wa 2012, Congo ilipokuwa ikimaliza sherehe ya miaka 52 ya uhuru, sekunde ya 25 iliongezwa. Saa sita za usiku kwa saa ya kimataifa, sehemu kubwa ya tovuti zilizojulikana zilianza kulemewa: Reddit, LinkedIn, Mozilla, Yelp, Foursquare. Australia ilikuwa Jumapili asubuhi na abiria walikuwa wamejaa viwanjani. Mfumo wa kuandikisha abiria ambao kampuni ya ndege ya Qantas ilikuwa ikitumia ulikwama, wafanyakazi wakarudi kwenye kalamu na karatasi, na ndege zikachelewa.

Kilichotokea kinastahili kuelezwa, kwa sababu hakufa mtu, hakuna mvamizi aliyeingia, na hakuna mashini iliyoharibika. Seva nyingi zinatembea na mfumo endeshi wa Linux. Ndani ya Linux, saa kuu ilirudishwa nyuma sekunde moja kama ilivyotakiwa. Lakini sehemu nyingine ya mfumo uleule, ile inayoamsha programu zilizoomba kulala kidogo, haikupewa habari. Ikabaki sekunde moja mbele. Programu inasema, «Niamshe baada ya nusu sekunde.» Mwamshaji anatazama saa yake, anaona nusu sekunde imekwisha kupita zamani, anaiamsha palepale. Programu inaona hakuna kazi, inaomba kulala tena, inaamshwa tena. Hivyo maelfu ya mara bila kupumzika, hadi akili yote ya mashini inamalizika kwa kazi ya kulala na kuamka. Programu zilizoandikwa kwa Java na ghala za habari za MySQL ndizo zilizoumia zaidi.

Kampuni moja ya Ujerumani inayokodisha seva, Hetzner, iliwaandikia wateja wake kwamba usiku ule matumizi yake ya umeme yalipanda kwa karibu megawati moja. Megawati moja, ya mashini zinazozunguka bure! Mkaaji wa mtaa wetu anayengojea zamu ya umeme atapima mwenyewe hasara hiyo.

Dawa yake ilikuwa ya kuchekesha. Kwenye seva nyingi ilitosha mtu kuandika amri moja ya kuweka saa upya, saa ileile, na mashini ikatulia. Wengine walizima na kuwasha. Lakini ni lazima mtu ajue, awe macho, na awe na ruhusa ya kuingia katika mashini hiyo Jumapili usiku.

Miaka minne na nusu baadaye, tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2016, usiku uleule wanasiasa wetu walipotia sahihi mkataba wa Saint-Sylvestre mbele ya maaskofu wa CENCO, ikaja sekunde ya 27. Mara hii Linux ilikuwa imerekebishwa. Aliyeumia ni Cloudflare, kampuni ya Marekani inayosaidia tovuti nyingi kupatikana kwenye intaneti. Moja ya programu zake ilikuwa ikipima muda ambao seva nyingine inatumia kujibu: inaandika saa ya kuuliza, inaandika saa ya kujibiwa, inatoa tofauti. Sekunde iliporudi nyuma, jibu likaonekana limefika mbele ya swali. Tofauti ikawa chini ya sifuri. Namba hiyo ikapelekwa kwa sehemu nyingine ya programu isiyokubali namba za chini ya sifuri, na programu ikaanguka.

Cloudflare walieleza kosa lao hadharani, jambo ambalo makampuni machache yanafanya. Kufuatana na maelezo yao, katika wakati mbaya zaidi maulizo 2 kati ya 1,000 ndiyo yaliyoguswa, na kazi ya kutengeneza ilikwisha kabisa karibu saa saba baada ya sekunde hiyo. Marekebisho yenyewe yalikuwa alama moja tu katika mstari mmoja: pahali palipoandikwa «ikiwa ni sifuri» pakawa «ikiwa ni sifuri ao chini yake». Mwaka huohuo wa 2017 lugha ya Go, ambayo programu ile iliandikwa nayo, ilibadilishwa ili ipime muda kwa saa isiyorudi nyuma.

Hapo ndipo penye somo lote la ufundi. Kusema ni saa ngapi na kupima muda ni kazi mbili mbalimbali. Mwamuzi pale Kamalondo, Mazembe wakicheza, hatazami saa ya kanisa ili kujua dakika 90 zimekwisha. Ana saa yake ya mkononi inayohesabu tu, hata kama mtu angeisogeza saa ya kanisa katikati ya mchezo. Kompyuta nazo zina saa za namna mbili. Makosa mengi ya sekunde hii yametoka kwa waandishi wa programu waliotazama saa ya kanisa.

Kuipaka sekunde kama siagi

Makampuni makubwa hayakungojea wanasheria wa vipimo. Mwaka wa 2011 Google walieleza ujanja wao: badala ya kuiweka sekunde nzima mahali pamoja, wanaipaka juu ya masaa mengi kama siagi juu ya mkate. Kila sekunde inarefushwa kidogo sana, kipande kisichosikika, na mwisho wa siku sekunde moja nzima imemezwa. Hakuna kurudi nyuma na hakuna namba inayoitwa mara mbili. Leo desturi yao ni kuanza saa sita za mchana kabla ya sekunde na kumaliza saa sita za mchana siku inayofuata. Amazon walifuata mpango huo wa masaa 24. Meta, wenye Facebook na WhatsApp, wakachagua masaa 17, tena wakianza baada ya sekunde yenyewe kufika.

Umeona tatizo? Kila mmoja amepaka siagi yake kwa kisu chake. Usiku wa sekunde, saa ya Google inapishana na saa ya kweli kwa karibu nusu sekunde, na ile ya Meta kwa karibu sekunde nzima. Kampuni yenye seva zake kwa jirani mmoja na nakala zake kwa jirani mwingine inajikuta na saa mbili zisizopatana, na hakuna hata moja iliyo ya sheria. Ujanja wa Google ni mzuri ukiwa peke yako. Tukiwa wengi ni ugonjwa uleule uliobadilishwa jina. Katika mwezi wa saba wa mwaka wa 2022 wahandisi wa Meta wenyewe waliandika kwamba wamechoka, sekunde hii iachwe kabisa. Na miezi minne baadaye Versailles wakaamua.

Dunia imegeuka

Hadi hapa mtu angesema mambo yanaelekea vizuri. Lakini kuna jambo ambalo watunzi wa mpango wa 1972 hawakulitazamia karibu. Katika miaka hii ya mwisho dunia imeongeza mwendo. Tarehe 29 mwezi wa sita mwaka wa 2022 siku ilikuwa fupi kuliko masaa 24 kwa milisekunde 1.59, yaani karibu sehemu moja na nusu ya elfu ya sekunde. Tarehe 5 mwezi wa saba mwaka wa 2024 ilikuwa fupi zaidi, kwa milisekunde 1.66. Ndiyo sababu karatasi za Paris, moja baada ya nyingine tangu mwanzo wa mwaka wa 2017, zimekuwa zikisema hapana, hakuna sekunde ya kuongeza.

Mwendo huo ukiendelea, itafika wakati saa za atomu ndizo zitakazokuwa zimebaki nyuma. Kufuatana na sheria ya sasa, itabidi sekunde moja iondolewe. Mwezi wa tatu wa mwaka wa 2024, Duncan Agnew wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego alionyesha katika jarida la Nature kwamba kiini cha dunia ndicho kinachosukuma mambo upande huo, na kwamba barafu inayoyeyuka Greenland na Antaktika inavuta upande wa pili. Kwa hesabu yake, bila kuyeyuka huko sekunde ya kuondoa ingehitajika mwaka wa 2026. Kwa sababu ya barafu, inaweza kuhitajika karibu mwaka wa 2029. Joto la dunia, lililotuletea mafuriko Uvira na Kalehe, limetupatia pia miaka mitatu ya kujipanga. Sijui kama tushukuru.

Sekunde ya kuondoa haijapata kufanyika hata mara moja. Sheria inairuhusu tangu mwanzo, na programu nyingi zina mstari ulioandikwa kwa ajili yake, lakini mstari usiotumiwa ni kama dawa iliyokaa kabatini miaka 50. Sekunde ya kuongeza imefanyika mara 27, imejulikana, na bado ya 25 na ya 27 ziliangusha makampuni yenye wahandisi bora wa dunia. Ya kuondoa itaruka namba moja. Programu iliyopangwa kuamka kwenye sekunde ileile ya 59 haitaiona, na kazi yake huenda isifanyike kabisa. Ile ya kuongeza ilifanya mashini zilemewe na watu wakaona. Kazi isiyofanyika haipigi kelele.

Kutoka sasa hadi 2035 sheria ya zamani bado iko. Kwa maoni yangu hapo ndipo Versailles walipokosea: waliona mlango mbovu, wakaamua utengenezwe, lakini wakautumia tena kwa miaka kumi na mbili na zaidi. Kuna sababu, na si za bure. Urusi iliomba muda mrefu zaidi, kwa kuwa satelaiti zake za GLONASS zinafuata saa yenye sekunde za nyongeza, tofauti na GPS ya Marekani ambayo haikuzifuata tangu ilipoanza kuhesabu mwaka wa 1980 na sasa iko mbele kwa sekunde 18. Kubadilisha satelaiti na mashini za chini ni kazi ya miaka. Wanaochunguza nyota nao wana vyombo vinavyoamini kwamba saa ya kimataifa haipishani na dunia hata kwa sekunde moja, na itabidi waviandike upya. Mwisho wa mwaka wa 2023, Dubai, mkutano wa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ambao RDC ni mwanachama wake ulikubali mpango wa Versailles, ukaacha nafasi hadi mwaka wa 2040 kwa mitambo isiyoweza kubadilishwa upesi.

Na jua letu?

Wengine wanauliza: tukiacha kuifuata dunia, si jua litatuacha? Swali hili lina uzito kwetu wasemaji wa Kiswahili kuliko kwa wengine, maana sisi tunahesabu masaa tangu jua linapochomoza. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Saa yetu inatoka angani, haikutoka maabara.

Jibu liko hapa nyumbani. Saa ya mashariki mwa RDC imewekwa kwa mstari wa longitudo 30 mashariki. Goma iko karibu na mstari huo, na kwa wastani jua lake linachelewa dakika kama tatu tu. Lubumbashi linachelewa dakika kama kumi. Kisangani, iliyo mbali upande wa magharibi lakini inatumia saa ileile, linachelewa karibu dakika 19. Umewahi kusikia maandamano Kisangani kwa sababu hiyo? Tena jua lenyewe halina adabu: mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja linatangulia saa kwa dakika 16, katikati ya mwezi wa pili linachelewa dakika 14, na hakuna mkulima wa Rutshuru aliyekosa kwenda shambani. Kulinganisha na hayo, sekunde zote zilizoongezwa tangu 1972 hazifiki hata nusu dakika. Wanaotengeneza mpango mpya wanataka saa ibaki bila kukatwa kwa muda usiopungua miaka 100, na katika muda huo tofauti na jua inaweza kufika kama dakika moja. Wajukuu wa wajukuu wataamua wafanye nini.

Hasara ya kweli haiko juu angani, iko ndani ya mashini. Na mashini zetu ni za namna gani?

Tangu benki nyingi zilipofunga milango yake Goma mwanzoni mwa mwaka wa 2025, kibanda cha simu ndicho kimekuwa benki. Mishahara, karo ya shule, feza za msaada, vyote vinapita huko. Mfumo wa feza za simu unahitaji kujua jambo moja kwa hakika: kipi kilitangulia. Mtu amewekewa dola 50, sekunde hiyohiyo anatoa 50. Kama mashini iliyoandika kuingia na mashini iliyoandika kutoka hazina saa moja, daftari litaonyesha ametoa kabla ya kuwekewa, na kazi inakataliwa ao inangojea mtu wa kuichunguza. Mfumo uliojengwa vizuri hautegemei saa peke yake. Unapa kila kazi namba yake ya mfululizo. Lakini hakuna mteja anayeweza kujua wake umejengwa namna gani.

Antena nyingi za simu zinapata wakati wake kutoka GPS, kisha zinaugeuza kuwa saa ya kawaida kwa kutoa zile sekunde 18. Hesabu hiyo ya 18 imehifadhiwa ndani ya mitambo, na siku itakapokuwa 17 mitambo yote inapaswa kupata habari. Mitambo mipya itapata. Wasiwasi wangu ni ile ya zamani: seva zilizonunuliwa mara ya pili, zikafungwa katika chumba cha biro fulani ya serikali ao hospitali, fundi aliyezifunga akahamia Kampala, na toka siku hiyo hazikupata marekebisho hata moja kwa sababu intaneti ni ghali na zinafanya kazi, basi ziachwe. Linux ya mwaka wa 2011 isiyoguswa bado ina kosa lilelile la usiku wa Uhuru.

Kuna kazi ndogo ambayo haihitaji kungojea 2035. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, na Benki Kuu zinaweza kuyauliza makampuni ya simu maswali matatu kwa maandishi: mashini zenu zinachukua saa kutoka wapi, zote zinachukua mahali pamoja, na mmejaribu sekunde ya kuondoa katika chumba cha majaribio ao hapana. Jaribio lenyewe linawezekana leo. Fundi anaidanganya seva moja kwamba tangazo limefika, anaangalia inafanya nini. Linachukua siku moja.

Tangazo la kweli likitoka Paris, litatolewa karibu miezi sita mbele. Usiku wake, Goma itatoka saa saba, dakika 59 na sekunde 58, na kuingia saa nane kamili.